Kidole Juu ya Mpira

Mpira unawekwa kwenye alama ya penalti, unaondoka wenyewe. Unarudishwa, unaondoka tena. Upepo wa hapa Visiwa vya Faroe haujali kwamba leo timu ya wanawake ya Norðvík isipofunga inashuka daraja.

Kocha Beinir Lervig anajua kinachofuata. Kanuni za hapa zinaruhusu: mtu atalala chini aushike mpira kwa kidole, mwenzake apige.

Anayelala ni kiungo wake, Rannvá. Ni bintiye wa kumzaa.

"Baba, usiniangalie hivyo."

"Sogea nyuma."

"Nikisogea zaidi nitaangukia baharini."

Beinir, miaka hamsini na mbili, anakata samaki kiwandani na kufundisha jioni. Enzi zake alikuwa kiungo hapa hapa, wa kukimbia mpaka wapinzani waombe poo. Na mshika mpira alikuwa yeye. Siku moja mpigaji akateleza, kiatu kikatua usoni mwake. Jicho la kushoto likaenda, na soka nalo.

"Siku ile sikuogopa hata kidogo," huwa anasema. "Woga ulinijia nilipopata mtoto."

Ndiyo maana alikubali ukocha kwa sharti moja: hakuna kushika mpira. Wanasubiri upepo utulie, basi. Lakini leo mwamuzi anatazama saa, na Rannvá kalala bila kuomba ruhusa.

Beinir anafungua mdomo amwite. Marjun, msaidizi wake, anamvuta koti.

"Nyamaza. Ukimwita atainua kichwa."

Mdomo unabaki wazi. Anayepiga anarudi nyuma, nyasi zimelowa chepechepe. Beinir anafumba lile jicho moja.

Kishindo. Halafu upepo tu.

Hathubutu kuangalia.

"Fumbua, bwana," Marjun anasema. "Mpira uko wavuni. Mwanao yuko pale anatema majani."

Baadaye, chumba cha kubadilishia nguo kikiwa kelele tupu, Beinir kakaa kwenye benchi na vidole vya bintiye mkononi, anavigusa kimoja kimoja.

"Vyote vipo, Baba. Ulidhani nimeviacha golini?"

"Kichwa ulikiweka karibu mno."

"Nani alinifundisha pa kukiweka? Ulitukataza tu."

Beinir anaviachia vile vidole. Kisha anasema msimu ujao, siku ya kwanza ya mazoezi, atalala yeye mwenyewe nyasini, awaonyeshe pa kuweka kichwa.

"Na nani atapiga?" Rannvá anauliza.

Beinir analigusa jicho lake la kushoto.

"Wewe," anasema. "Ila usiteleze, mama."