Sifuri Niliyoandika Kitandani

Usiku ule nililala nimewanunia viongozi wa kijiji. Jioni yake mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba kinamasi chetu watapewa wachoma matofali, kwa sababu fomu zetu sisi wanafunzi wa kujitolea, tunaofundishwa kutambua na kuhesabu ndege, zilionyesha korongo taji hawapo tena. Niliwaita wezi mbele ya mkutano. Sikujutia hata neno moja.

Nikaota niko darasani, kwenye mafunzo. Shangazi Tabu akaingia, miguu imejaa tope, ilhali mwaka jana tulimzika. Ndiye aliyenionyesha korongo kabla mkufunzi yeyote hajafika kwetu. Walikuwa wakifukua mbegu zake shambani, naye anakataza watu wasiwarushie mawe. Akaichukua fomu mezani. Mara darasa halipo, tuko ukingoni mwa kinamasi, mvua inanyesha na fomu hailoi.

"Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu, shangazi."

"Umeandika sifuri. Ulikwenda?"

"Asubuhi ile ilinyesha sana."

"Sijakuuliza habari za mvua."

Nikapandwa na hasira. Namwambia wenzangu nao hufanya hivyo hivyo, akawagombeze wachoma matofali, tena aliyekufa apumzike. Ananinyoshea ile fomu, na mimi nakumbuka tulichofundishwa siku ya kwanza: sifuri ni ya aliyekwenda, akatazama, akakosa, asiyekwenda huacha nafasi wazi. Mimi nilijaza fomu nikiwa nimejifunika blanketi.

Ananishika mkono, ananivuta ndani ya matete. Korongo wawili wamelalia mayai yao, hawashtuki.

"Hawa umewafuta wewe," anasema kwa ghadhabu. "Kawarudishe."

Nikaamka kumekucha. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa nilijua ni ya nani. Nilimkuta mwenyekiti akipiga mswaki uani, na mkataba wa wachoma matofali alikuwa autie saini saa nne.

"Shikamoo, mwenyekiti. Ile sifuri ya korongo ni ya uongo. Sikwenda."

"Marahaba." Akatema povu. "Unajua cheti cha mafunzo utakikosa?"

"Nikikose. Usitie saini mpaka twende tukahesabu."

Akausuuza mswaki. "Na jana mbele ya watu wote, mbona hukusema?"

"Jana nilikuwa nawatukana ninyi," nikamwambia.