Mkoba Usiouzwa

Mtu akimuuliza bei, hujibu neno moja tu: "Siuzi." Halitangulizi kwa "samahani" wala halilainishi kwa kicheko. Wauguzi wamemuuliza, mtunza stoo amemuuliza, na daktari mmoja alimfuata hadi kwenye ngazi, akaupapasa mkoba wake kama anayechagua kitambaa dukani. Wote walipewa neno hilohilo, wakaondoka wakinong'ona kwamba yule mama ana maringo.

Kazini wanamwita Subiri. Yeye ndiye mpokea simu wa hospitali, katika chumba kidogo kisicho na dirisha nyuma ya mapokezi, na kutwa nzima husema, "Subiri kidogo, nakuunganisha." Kila anayepiga ana haraka. Mwenye mgonjwa ana haraka, mwenye kutafuta daktari ana haraka, hata aliyekosea namba humfokea kana kwamba yeye ndiye aliyemvurugia tarakimu. Jina lilianza kama dhihaka ya wafagiaji, likamganda, naye hakulikataa.

Mambo ya ngozi yalimwingia siku mkanda wa mkoba wake wa zamani, wa kununua, ulipokatika kwenye ngazi za kazini. Aliupeleka kwa fundi viatu wa kona ya mtaa, na badala ya kukaa kwenye benchi kungoja kama wateja wengine, alisimama akimtazama mikono. Mkanda ulipokwisha kushonwa, akauliza kama angeweza kupata vipande vya kutupwa.

"Vya nini, mama?"

"Vya kujaribia."

"Kujaribu nini?"

"Bado sijui."

Fundi alicheka mpaka akaangusha nyundo, lakini alimjazia mfuko. Akamwongezea na wosia: "Nunua kisu kikali. Kikiwa butu utakisukuma kwa nguvu, na kikiteleza kinakuja moja kwa moja kwenye kidole."

Alikinunua. Vingine vyote aliviokota nyumbani. Rula ya chuma aliibandika plasta ya vidonda upande wa chini ili isiteleze juu ya ngozi. Kipande cha tairi kuukuu kikawa kitako cha kugongea matundu, kwa sababu ukigongea juu ya ubao, ubao unaumia na ncha inakuwa butu. Spoki ya baiskeli aliinoa kwenye jiwe, akaichomeka kwenye mpini wa bisibisi iliyovunjika, akapata msumari wa kutobolea. Vibanio vya nguo vikashika pindo mpaka gundi ishike. Na uma wa mezani, aliupinda meno kidogo, ukawa wa kupimia matundu: unaukandamiza kando ya pindo, unausogeza, jino la kwanza unalirudisha kwenye alama ya mwisho, na matundu yanatoka yamelingana.

"Uma mmoja haupo," mume wake alisema siku moja akipanga meza.

"Umepata kazi."

"Wapi?"

"Chumba cha nyuma."

Mume, dereva wa lori ambaye siku nyingi yuko njiani, alitikisa kichwa akala kwa kijiko.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha binti yao kabla hajaolewa. Subiri aliweka meza nyembamba chini ya dirisha, na hapo ndipo alipojifunza kwa kuharibu. Alijifunza kukata kwa kupitisha kisu kidogokidogo mara kadhaa badala ya kukiegemea mara moja. Alijifunza kwamba gundi hupakwa pande zote mbili, kisha unaiacha mpaka isinatie kidole, ndipo unabandika. Anayebandika ikiwa mbichi atabandua kesho. Alijifunza kulainisha kingo kwa maji kidogo na mpini wa mwiko, kusugua na kusugua mpaka zing'ae kama zimepakwa vanishi. Na alijifunza mshono wa sindano mbili: uzi mmoja uliosuguliwa nta ya mshumaa, sindano kila ncha, zote zinapita tundu moja kutoka pande tofauti, ya kulia ikitangulia siku zote. Mshono huo ni wa polepole. Lakini uzi ukikatika mahali pamoja, jirani zake wanashika; wa cherehani ukikatika na kuvutwa, unafumuka safari nzima.

Polepole hiyo ndiyo aliyoitaka. Katika maisha yake yote, pale mezani ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu aliyekuwa akimngoja amalize.

Mkoba uliowatoa watu macho ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyoiva, wenye mbavu mbili, vile vipande vya kando vinavyounga mbele na nyuma, zilizonyooka upande wa mgongo na kupinda upande wa tumbo, ili ukae vizuri ubavuni mwa mtu. Alikuwa akiutumia kubebea chakula cha mchana. Ndipo Shemeji alipouona.

Shemeji ni mdogo wa mume wake. Amewahi kuuza simu, akauza vigae, akafuga vifaranga waliokufa wote kabla hawajaota manyoya, na kila mara alitoka humo akiwa na tabasamu lilelile na mpango mpya. Hana ubaya wa moyo. Ana kichwa kisichotulia tu.

"Shemeji, umenunua wapi hii?"

"Nimeshona."

"Acha utani."

"Utani wangu hauna uzi, shemeji."

Aliugeuza mkoba juu chini, akaunusa, akauvaa begani na kutembea nao sebuleni akikata mauno kidogo mpaka mume wa Subiri akapaliwa na chai. "Jamani, tumekalia mali tunalia shida! Shemeji, hii ni biashara. Wewe unashona, mimi nauza. Tunaweka cherehani pale nyuma, tunaita vijana wawili..."

"Siuzi."

"Sasa kazi ya mikono isiyouzwa ni ya nini? Ni mchezo huo."

"Ndiyo," alisema Subiri. "Ni mchezo. Nirudishie chakula changu."

Shemeji alimgeukia kaka yake. "Kaka, mke wako anacheza."

"Mimi niko njiani siku zote," alisema mume, akijitia hamnazo. "Mambo ya huko nyuma siyajui."

Angekuwa hayajui kweli, asingemfungulia mdogo wake chumba kile, na yasingetokea yaliyotokea.

Alasiri moja Subiri alirudi kutoka zamu, masikio yakivuma simu, akaikuta meza yake uani chini ya kamba ya nguo. Shuka lenye maji lilikuwa linadondokea juu yake. Alisimama akaitazama kama mtu anayekuta ndugu yake amekaa nje ya mlango. Kutoka chumba cha nyuma zilisikika sauti. Humo ndani, mahali pa meza palikuwa na cherehani kubwa nyeusi ya kukanyaga, na Shemeji alikuwa amepiga magoti sakafuni juu ya ngozi pana, kisu mkononi, kiolezo cha Subiri cha karatasi ngumu mbele yake. Mume amekaa kitandani, anaangalia kucha zake.

"Karibu, mkurugenzi!" Shemeji aliita. "Nilitaka iwe mshtuko mzuri. Nimempata mwenye duka la mikoba kule barabara kubwa. Nimemwonyesha picha, ameruka kwa furaha. Anataka mikoba ishirini kama wako. Nimemwambia fundi ni wewe, na kesho asubuhi anakuja kukuona. Nimeshakata mbavu zote, kazi ya kitoto!"

"Umemwambia fundi ni mimi."

"Jina lako liko juu kabisa."

Subiri aliinama akachukua vipande viwili kwenye rundo. Akavisimamisha vimekabiliana, kama vinavyokaa kwenye mkoba. Akachukua vingine viwili. Vingine tena. Kisha akafanya jambo ambalo hawakulitarajia: alicheka, kicheko kizima kutoka tumboni, mpaka akaegemea cherehani.

"Nini?" Shemeji aliuliza.

"Mbavu zote ni za kushoto."

"Vipi za kushoto? Kiolezo ni kilekile!"

"Ndiyo maana. Ngozi ina uso na ina mgongo. Ukishakata moja, kiolezo unakigeuza kifudifudi ndipo unakata mwenzake. Hujakigeuza. Una mbavu arobaini na hakuna hata moja yenye mwenzake. Ukitaka kuzitia hizi upande wa kulia, mgongo wa ngozi utatokea nje."

Shemeji aligeuza kipande huku, akakigeuza kule, akakiweka dhidi ya tumbo lake. Kosa hilo humpata kila mshona ngozi. Subiri mwenyewe lilimliza katika mkoba wake wa kwanza. Lakini yeye alilifanya kwa vipande viwili, kwenye meza yake, kwa ngozi yake.

Mume alikohoa. "Sasa basi, mama watoto. Yamekwisha tokea. Msitiri mwenzio. Kata zile za kulia, mshone mikoba michache, neno limeshatoka. Tutamwambia nini mwenye duka?"

"Aliyelitoa neno ndiye atakayejua la kumwambia."

"Lakini ametaja jina lako."

"Hilo ndilo nitakalokwenda kulirudisha mimi." Alishika upande mmoja wa cherehani. "Shika huko, tuitoe."

"Sasa hivi?"

"Meza yangu inanyeshewa."

Waliitoa, kaka na mdogo wake, wakihema, na Subiri akaiingiza meza peke yake, akiiburuta mguu baada ya mguu. Aliifuta kwa kitambaa kikavu. Jioni ile chai alimimina kikombe kimoja.

Kesho yake hakumngoja mwenye duka aje. Alimfuata kabla ya zamu, na mkoba wake begani. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani, akipanga mikanda kwenye misumari. Subiri alijitambulisha, akamweleza bila kuficha: agizo lile halikuwa lake, hakuulizwa, na hatalifanya.

Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Mwenye duka aliuomba mkoba tu, akauweka juu ya kaunta, akaupitisha kidole kwenye mshono taratibu. "Sindano mbili," alisema.

"Ndiyo."

"Mama, mimi sitaki ishirini. Yule shemeji yako alitaja ishirini, mimi nikamwachia afurahi. Nataka mmoja. Ukimaliza, ulete. Hata ukichukua miezi. Nitauweka pale dirishani peke yake, na jina lako chini yake."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kumkatalia Shemeji ni kama kufunga dirisha upepo ukivuma; lakini huyu aliongea polepole, alijua anachokiona, na alimpa heshima yake yote mkononi. Subiri alihisi neno la "haya" likimpanda kooni. Akaliona na litakalofuata: mkoba mmoja mezani, na mtu barabara kubwa akiungoja. Kila akishika sindano, angemsikia.

"Kutwa nzima mimi huwaambia watu wasubiri," alisema. "Wote wananingoja. Pale mezani hakuna anayeningoja. Ukiwepo wewe, hata kwa upole huo, itakuwa simu nyingine."

"Utaufanyia nini ustadi huu, mama?"

"Nitautumia."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Dada, siuzi."

Mwenye duka alimtazama kidogo, akamrudishia mkoba, akaendelea kupanga mikanda yake. Hakumuaga. Subiri alitoka, na kazini aliwaunganisha watu wawili kwenye wodi wasizozitaka.

Jioni Shemeji alikuja na mkokoteni wa kubebea cherehani. Alikuwa amekwisha pata habari dukani na uso ulikuwa umemvimba.

"Umeniaibisha, shemeji."

"Nimejitoa. Wewe nimekuacha palepale ulipojiweka."

"Watu wanatafuta bahati kama hii kwa tochi!"

"Basi wamulike kwingine." Alimletea rundo la mbavu, limefungwa kwa kamba. "Hizi si hasara. Zikate chini ya pindo, zitatoka mifuko ya miwani. Ile haina kulia wala kushoto. Kukata nitakuonyesha mara moja. Kukata kwenyewe utakata wewe, kwako, na jina utaweka lako."

Shemeji alilipokea rundo bila asante. Mume, aliyekuwa anasukuma cherehani kwa nyuma, alisimama kupumua. "Mke wangu, hivi kweli hutajuta?"

"Inawezekana nikajuta," alisema Subiri. "Nitajutia mezani kwangu."

Alisaidia kuinua gurudumu lililokwama kwenye kizingiti cha geti, kisha akaingia ndani. Mchana alikuwa amepita duka la vifaa na kununua kitasa; alikifunga mwenyewe kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kwa bisibisi ya kuazima. Mume alipokuja kuuliza ufunguo mwingine uko wapi, alimkuta ametandaza ngozi ngeni, nyeusi, na anachora juu yake kwa mkono, bila kiolezo.

"Cha nani hicho?"

"Sijaamua kitakuwa nini."

"Na ufunguo?"

"Ukitaka kuingia, bisha hodi," alisema, na akashika kisu.