Mrina Asali Aliyegoma Kulala

Mzee Emilian wa Mitundu alizoeana na nyuki mpaka watu wakawa wanasema kwamba nyuki wakimwona anakuja na kienge chake cha moshi, wanaanza wenyewe kufungasha vyombo. Huo ni uongo, lakini ni uongo wenye miguu. Miaka yote aliyopanda miti ya pori la Itigi, akitundika mizinga na kurina asali, hakuanguka hata mara moja, na nyuki walimuuma mara chache kuliko bibi harusi anavyoumwa na maneno ya mawifi.

Alifika Mitundu angali kijana, katokea kwao Iramba na shoka, blanketi na kifuko cha michembe ya viazi. Akalitazama pori, akasema hapa panatosha. Akaoa binti aliyeitwa Raheli, mwenye mwanya na mdomo mwepesi. Raheli akamzalia mtoto mmoja, Happiness, na mtoto akiwa bado anatambaa, homa ikamchukua mama yake. Emilian hakuoa tena. Wajomba walimtajia wajane, mashangazi wakamtajia mabinti, naye akawajibu kwamba nyumba yenye nyuki na mtoto imeshajaa. Mtoto alimbeba mgongoni akaenda naye porini, akamlaza kivulini mbali na moshi, na Happiness akakua ananukia nta kama mshumaa.

Sasa Happiness mwenyewe ana mvi, na moyo wa baba yake umechoka. Miguu imevimba, pumzi imekuwa fupi kama kamba ya mbuzi mtoro. Daktari alimpa vidonge, akamwambia apumzike, alale na mito miwili mgongoni. Vidonge mzee alimeza. Kulala ndiko aligoma.

Aligoma kabisa. Mchana na usiku alikaa kwenye kiti cha kamba, kaegemea ukuta, shingo ikimwangukia kifuani, kisha anashtuka kama mtu aliyeitwa.

"Anayelala ndiye anayebebwa," alimwambia binti yake. "Aliyekaa, kifo kitamshika wapi? Kitabeba na kiti?"

Happiness alibembeleza, akachoka. Katekista akaja, akasali vizuri, na mzee akaitikia amina zote bila kuruka hata moja. Katekista alipoaga, mzee akamsindikiza kwa macho kutoka kitini palepale.

Ndipo habari zikamfikia Amne.

Amne alikuwa bibi wa Kinyaturu, Mwislamu, mfuga kuku anayekaa nyuma ya mashine ya kusaga, na mtani wa Emilian tangu wote wawili wana meno. Na mtani ndiye mwenye msiba. Mnyiramba akifa hapo Mitundu, Mnyaturu ndiye anayevaa nguo za marehemu, akaiga mwendo wake na kikohozi chake, mpaka waliokuwa wanagaagaa kwa kilio wanajikuta wanashika mbavu. Kazi hiyo Amne aliifanya misiba mingi, na watu walisema kuna marehemu waliotamani kufufuka ili wamkatalie.

Alasiri moja akaingia uani kwa Emilian.

"Hodi hapa kwa marehemu!"

Happiness aliyekuwa anapepeta uwele akaacha ungo. "Shikamoo mama Amne. Marehemu gani tena?"

"Marahaba mwanangu. Si huyu baba yako? Nimekuja kufanya utani wangu mapema. Siku yenyewe naweza kuwa na shughuli."

"Mnyaturu wewe," Emilian akasema kutoka kitini barazani, "mlenda umekupanda kichwani. Mimi ni mzima."

"Mzima gani anaota mizizi kwenye kiti? Ungekuwa mhogo tungekuchimba jana."

Hakungoja kukaribishwa. Akalitoa msumarini lile koti kuukuu ambalo mzee alilivaa kurinia asali, akalivaa, akajitwisha na kofia yake, halafu akaanza kutembea uani kwa kuchechemea, mkono mmoja kiunoni, akikohoa kama trekta lililonyimwa mafuta.

"Hodi ahera!" akaita. "Ni mimi Emilian, mrina asali. Mnisamehe nimechelewa, nilikuwa nimekaa kitini."

"Sitembei hivyo," mzee akasema.

"Unatembea hivi hivi."

"Mguu wa kushoto ndio mbovu. Wewe unachechemea wa kulia."

Amne akabadilisha mguu. Happiness akajifunika mdomo kwa kanga.

"Sasa sikiliza," Amne akasema. "Mambo ya pepo na moto ni ya katekista wako na shehe wangu, mimi siyagusi. Mimi nakupa habari za njiani tu, kabla hujafika kwao. Kuna kijiji pale cha kupokelea wageni. Jua letu likizama hapa, huko ndiyo linapiga mswaki. Uwele wa huko unajipepeta wenyewe. Kuku wanagombana nani achinjwe kwanza, mpaka mwenyekiti wa kijiji anawaamulia. Na getini wamewekwa nyuki, ndio wanaopokea mizigo."

"Nyuki hawapokei mizigo. Nyuki wana kazi zao."

"Wa huko wana nafasi."

"Na wanakaa wapi? Mizinga ya huko ni ya mti gani?"

Amne akasita. "Ya... mkaratusi."

"Ona!" Mzee akajiinua kidogo kitini. "Mkaratusi unapasuka juani, nyuki watahama siku hiyohiyo. Mzinga ni wa mninga. Na unautundika mahali upepo haupigi mlangoni. Kama huko wanatundika mizinga ya mkaratusi, nani anawasimamia?"

"Hawana msimamizi. Ndiyo maana wanakusubiri."

Kicheko kilichokuwa kinamjia Emilian kiliishia njiani. Akaangalia vidole vyake vilivyovimba, na alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo.

"Raheli yuko huko."

"Yuko," Amne akasema.

"Alikufa binti. Hata mikunjo ya macho hakuwa nayo. Mimi nitafika na upara huu, na haya mapengo, naukokota mguu. Ataniona mlangoni." Akajipapasa upara. "Amne, mke wangu atanipa shikamoo. Atapiga goti, aseme, 'Shikamoo babu, unamtafuta nani?' Nitamjibu nini? Nikisema marahaba, ndiyo basi. Nimekuwa babu yake."

Happiness akashika ungo bila kupepeta. Siku zote hizo alidhani baba yake anaogopa kaburi, giza au moto, kama watu wengine. Kumbe mzee alikuwa anaogopa salamu.

Amne naye, mtu aliyewahi kuchekesha msiba wa mapacha, akalivuta koti lililomzidi mabega, akakaa juu ya kinu kilicholazwa pembeni. Kofia akaiweka sawa, akaiweka upande, akaiweka sawa tena.

"Nani kakwambia huko wanahesabu umri wa hapa?" hatimaye akauliza.

"Umri ni umri."

"Kisimani, wewe mzee ukifika umekuta binti katangulia na ndoo yake, nani anachota kwanza?"

"Yeye. Katangulia."

"Basi. Huko mtu anazaliwa siku anayofika. Raheli kafika lini? Happiness huyu alikuwa anakula udongo. Leo Raheli ni mama mzima wa huko, ana kigoda chake, akipita njiani watu wanampisha. Wewe utafika mchanga kabisa. Choo hukijui. Njia ya kisimani hujui. Utasimama pale unapepesa macho kama kifaranga kilichotoka kwenye yai. Sasa niambie wewe mwenyewe, nani atampa nani shikamoo?"

Mabega ya Emilian yakaanza kutikisika, na Happiness akadhani ni pumzi imemkaba, akainuka mbio. Haikuwa pumzi.

"Mimi?" mzee akasema, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Mimi nimpe Raheli shikamoo? Raheli niliyemlipia mahari?"

"Utampa! Na kofia utavua."

"Na asipoitikia?"

"Hiyo mimi sijui. Mke ni wako."

Mzee akafikiri. Alifikiri kwa makini, kama alivyokuwa akiupima mti kabla ya kuupanda.

"Ataitikia," akasema. "Lakini atachelewa. Nikichelewa porini alikuwa ananifanyia hivyo hivyo. Nabisha hodi, najua kabisa kanisikia, anaendelea kukoroga chungu. Kanipa mgongo. Kanga kaifunga kwa upande, hapa." Akagusa ubavu wake. Uso wa Raheli ulishamtoka kichwani miaka mingi, na jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu. Lakini mgongo ule aliuona, na kiwiko kikienda na mwiko. "Ananinyamazia mpaka ajisikie. Halafu ndipo anasema, bila kugeuka, 'Kumbe umerudi.'"

"Basi ndivyo itakavyokuwa."

"Uongo wako huu, Amne."

"Uongo mtupu. Sijafika huko, nani kanituma?"

"Najua." Mzee akajikuna kidevu. "Ila umekaa vizuri."

Akamgeukia binti yake. "Happi, mama. Nitandikie."

Happiness hakuuliza mara mbili, asije mtu akabadili mawazo. Aliingia ndani, akakung'uta godoro, akapanga mito miwili. Wakamshika mzee, mmoja huku mmoja huku, Amne angali ndani ya koti, na kwa mtu aliyeangalia kutoka barabarani ilikuwa kama Emilian wawili wanasaidiana kuingia nyumbani. Wakamlaza. Mgongo ulipogusa mito akaguna, mikono ikakamata ukingo wa kitanda, na kwa muda akabaki hivyo, kajikaza, anatazama bati.

Amne akavuta kigoda, akakaa karibu na kichwa chake. "Jaribu kwanza," akasema. "Usije ukafika huko ukababaika, ukatuaibisha watani."

"Shikamoo Raheli," mzee akasema.

"Kwa sauti hiyo? Yuko jikoni, chungu kinachemka, hakusikii."

Mzee akakohoa, akasafisha koo. "Shikamoo Raheli!"

Huko nje kuku wakashtuka. Vidole vyake vikaachia ukingo wa kitanda, kimoja kimoja, mikono ikamlalia tumboni. Happiness, kasimama mlangoni, akamwona anafumba macho.

Amne akavuta pumzi aitikie marahaba, kama kazi yake ilivyo. Mzee, macho yakiwa yamefumbwa vilevile, akanyanyua kidole.

"Usimjibie," akasema. "Nimeshakwambia atachelewa."

Wakanyamaza wote watatu, wakisubiri, mpaka pumzi ya mzee ikawa ndefu, ya usingizi.