Mama alinikana kanisani, sasa kilio chake kiko kwenye wimbo wangu

Admin, jina langu liache huko huko inbox. Watu wa Mpanda watanijua tu hata ukinificha, na wakinijua basi. Nina miaka ishirini na tatu, mzaliwa wa Mwamkulu, na kazi yangu ni muziki. Mwanzoni mlinijua kama yule binti wa gauni jeupe la mikono mirefu, aliyekuwa akiimba injili huku amefumba macho. Siku hizi mnanijua kwa wimbo wa asali. Na wengi wenu ile video mmeitazama mpaka mwisho, msijifanye.

Wimbo wenyewe ni wa msichana anayemwelekeza mwanaume namna ya kurina asali bila kuumwa na nyuki. Sina haja ya kufafanua. Video tuliichukulia msituni upande wa Inyonga, mimi nikiwa na kaptula fupi na asali yenyewe inanichuruzika begani. Sikudanganywa wala kulazimishwa na mtu. Nimeimba injili tangu nikiwa mtoto, makanisa yakinialika na kunirudisha nyumbani na kuku mmoja na maneno "Mungu atakulipa". Nililichoka lile gauni. Nilichoka kuwa binti wa watu wote ambaye hakuna anayemuuliza leo amekula nini. Nilipolivua tu, simu zikaanza kuita. Sasa msimu wa tumbaku wakulima wakishalipwa, nikienda Inyonga ukumbi unajaa mpaka watu wanasimama nje.

Mama yangu ni kiongozi wa kwaya ya akina mama. Baba alishafariki, tumebaki mimi na yeye. Wimbo ulipotoka hakusema neno, si la kunisifu wala la kunigombeza. Hela ya kwanza niliyoipata niliinunulia kwaya yake vitenge vya sare, na kanisa nikalinunulia spika na maiki. Mchungaji aliziwekea mikono zile spika akaziombea, na hakuna mzee wa kanisa aliyeuliza zimetoka kwenye wimbo gani. Maswali yalianza pale watoto wa shule ya Jumapili walipokutwa wanauimba nje ya kanisa, na viuno vinakwenda. Ndipo wazee wakamwita mama na kumwambia achague, amkane binti yake mbele ya waumini au atengwe.

Akachagua. Mimi nilikuwa Inyonga najiandaa kwa shoo, mwenzangu wa zamani wa kwaya akanitumia kwenye simu sauti aliyoirekodi kanisani, hata salamu hakuweka. Nikasikiliza. "Mbele za Mungu na mbele zenu wapendwa," mama anasema, "huyo anayeimba uchafu si mwanangu. Nilimzaa, lakini kuanzia leo nimemtoa. Msinihesabie dhambi yake." Kisha sauti inamkatika, analia kwa kwikwi, na waumini wanapiga makofi. Alisikika vizuri kabisa kwa sababu ile maiki niliinunua mimi. Mwenzangu akaniambia wanawake waliosimama nyuma yake walikuwa wamevaa vitenge vyangu. Niliumia jamani, niliumia sana. Nikapanda jukwaani hivyo hivyo na siku hiyo nilikata kiuno kuliko siku zote.

Niliporudi Mpanda mjini niliipeleka ile sauti kwa prodyuza wangu. Akawa anakirudia kipande kile anapolia, anarudia tena. "Dada, wimbo uko hapa," akasema. Tukatengeneza wimbo mpya unaoanza na maneno ya mama, kilio kikikatika tu biti inaingia. Kila kikija kiitikio mama analia, na mimi namjibu, "Lia mama lia, mwenzio nacheza." Wakati tunarekodi nilikuwa nacheka. Siwezi kuwadanganya, nilifurahi kama mtu aliyelipiza. Nikaweka kipande kidogo kwenye ukurasa wangu, na watu wakaanza kuulizia unatoka lini.

Juzi mchana mama akashuka kwenye bodaboda mlangoni pa studio, amejitanda khanga mpaka usoni. Hatukuwa tumeonana tangu anikane. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, "Marahaba mwanangu," kama vile hakuna kilichotokea. Akaomba ausikie wimbo wote. Prodyuza akamvisha hedifoni juu ya khanga, naye akasikiliza mpaka mwisho, ametulia, mikono mapajani. Akazivua akampa prodyuza, akamshukuru.

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini ulinikana?"

"Wewe una mashabiki," akasema. "Mimi nina kanisa tu. Nikifa, hao mashabiki zako ndio watakuja Mwamkulu kunichimbia kaburi?"

Nikadhani sasa ataniomba niufute wimbo, na nilishajiandaa kumkatalia.

"Wimbo utoe, ni riziki yako," akasema. "Maneno yangu yaache yote. Ila pale ninapolia paondoe, mwanangu. Kanisani walidhani ni uchungu wa dhambi zako. Wakisikia kilio kinarudiwa rudiwa namna hiyo, watajua nilikuwa nasema uongo."

Akajitanda tena akaondoka. Prodyuza anasema bila kilio hakuna wimbo, na tumeshatangaza unatoka wiki hii. Nikikiondoa, mama atabaki kwenye kwaya yake, ila kila atakayesikiliza ataamini alinikana kwa moyo wake wote. Nikikiacha, wazee watamwita tena, na safari hii hatapewa nafasi ya kuchagua. Mnisamehe, ila mimi nataka kibaki. Kwenye sauti yote ile, hicho kilio ndicho pekee kilichokuwa changu.

Wenye wazazi na wenye watoto, naombeni mniambie. Nikikate au nikiache?