Aliyekaza Ndiye Anayetangulia

Mama yangu ameketi kwenye viti vya madereva vya magari mengi kuliko dereva yeyote ninayemjua, na hakuna hata moja alilolipeleka popote. Leseni alikuwa nayo tangu kabla ya kuolewa, lakini ilibaki kupendezesha mkoba. Kazi yake ilikuwa kutikisa usukani. Baba, fundi wa gereji yetu ya mabati nyuma ya nyumba, alikuwa anashuka shimoni chini ya gari, na mama anakaa juu. Baba akigonga chuma mara moja, mama anatikisa. Akigonga mara mbili, anaacha. Wengine wana ndoa za maneno mengi; wazazi wangu walielewana kwa spana.

Majirani walisema anamsaidia mumewe tu. Hawakumsikia akichungulia dirishani na kusema, "Ni upande wa kushoto, baba watoto," naye baba akijibu kutoka chini, "Najua." Mara nyingi alikuwa hajajua bado.

Kisha bega la baba likaganda. Mkono ukakataa kupanda juu ya kidevu, na shimoni kazi yote iko juu ya kichwa. Alihangaika kwa dawa za kuchua, hola. Mwishowe akamwambia fundi wa magurudumu wa pale kona aje Jumamosi achukue vifaa vyote, gereji ifungwe. Nilikasirika, nasema kweli. Gereji ile ndiyo iliyotulea, na sasa ilikuwa inakwenda kupakiwa kwenye mkokoteni.

Jumamosi hiyo muuza maziwa ndiye aliyetangulia kufika, na pikapu yake. Usukani ulikuwa unacheza: anakata kulia, gari linafikiri kwanza ndipo linatii. Gereji nyingine walikuwa wamembadilishia viungo vya mwisho vya usukani, vile vya kwenye magurudumu, pande zote mbili, na bado hali ni ile ile.

"Nimemwaga maziwa barabara nzima," alisema. "Paka wa mtaa huu wananipenda kuliko wateja."

"Nimefunga, ndugu yangu," baba akamjibu.

Mama alikuwa anaanika nguo. Aliweka beseni chini, akachukua ovaroli ya baba msumarini, akaivaa, akaikunja miguuni na kushuka shimoni.

"Baba watoto," alisema, "kaa juu."

Baba akakaa. Chuma kikagongwa mara moja, naye akazungusha usukani kama anakwepa ng'ombe. Kikagongwa mara mbili, akaacha. Mara moja tena, akazungusha vile vile.

"Tunahama?" sauti ya mama ikatoka shimoni. "Mbona unapiga kona? Tikisa kidogo kidogo, kama unapepeta mchele."

Muuza maziwa aligeukia ukutani akacheka huko. Miaka yote baba hakuwahi kufikiria kwamba kutikisa nako ni ufundi. Ukizungusha sana, kila kitu kinageuka na huoni kitu. Ukitikisa kidogo, kinachotembea ni kile kilicholegea tu.

Akajifunza. Mama akapitisha kiganja kwenye viungo, kimoja baada ya kingine. Vile vipya vilikuwa imara. Akapeleka mkono kwenye boksi la usukani lenyewe, kile chuma kirefu kinacholala kukatiza gari na kusukuma magurudumu. Hapo akagonga mara mbili.

"Viungo vizima," alisema. "Ni raba zinazoshikilia boksi. Zimelowa oili zikalainika. Boksi zima linahama kabla magurudumu hayajageuka."

"Najua," baba akasema. Akaachia usukani. "Hapana, sikujua. Mimi ningeanza kwingine kabisa."

Mama alibadilisha raba, akakaza boliti, kisha akaziba bomba lililokuwa linavujisha oili juu ya raba hizo, maana kuweka raba mpya na kuacha lile bomba ni kutwanga maji kwenye kinu. Baba alikuwa anampa spana kwa mkono mzima.

Gereji yetu ina sheria moja: aliyekaza usukani ndiye anayetangulia kuliendesha gari. Kama ni kuvunjika, shingo yake kwanza, ya mteja baadaye. Baba alishuka, akazunguka, akaketi upande wa abiria. Sikuwahi kumwona hapo. Mimi na muuza maziwa tulipanda nyuma kushika madebe. Tuliteremka mlima, tukapita kona zote, na barabara iliponyooka nilimwona mama kupitia kioo akilegeza vidole. Pikapu ilienda moja kwa moja. Maziwa hayakumwagika. Simvishi mama kilemba cha ukoka. Nilikuwepo, na nilijivuna mpaka kifua kikauma.

Tuliporudi, fundi wa magurudumu alikuwa getini na mkokoteni wake.

"Fundi, nimekuja kuchukua vile vifaa."

"Muulize mwenyewe," baba akasema, akimwonyesha mama kwa kidevu.

Mama alikuwa anafuta grisi mikononi. Aliutazama ule mkokoteni, akausukuma kidogo kwa mguu.

"Vifaa vina kazi," alisema. "Ila gurudumu lako la kushoto linacheza. Lilete Jumatatu."

Jumatatu alilileta kweli. Lakini alikuta gari jingine limeshatangulia juu ya shimo, na baba kwenye kiti cha dereva, mikono yote miwili kwenye usukani, anasubiri kugongewa.