Bolti Iliyolala Ubavu

Kanuni yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa wino mzito kwenye kipande cha boksi, ikabandikwa ukutani, tena ukuta wa duka lake mwenyewe, juu ya rafu ya fan belti: "Anayemsaidia mwenzake amemaliza zamu yake. Pointi ni za waliopiga tu." Mama Bolti aliisoma, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaisoma tena.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Kanuni ya nyumba," alijibu shemeji yake, mume wa mdogo wake, huku akitandaza ramani ya pango mezani. "Mchezo unajikokota. Kila mtu nasaidia, nasaidia. Zimwi litauawa na nani?"

"Kila mtu nani? Anayesaidia humu ni mimi peke yangu!"

Na ni kweli tupu. Kila Jumapili mchana, Mama Bolti akishafunga mlango wa mbele wa duka lake la spea, walikaa nyuma kucheza mchezo wa kuigiza vita mezani. Shemeji ndiye msimulizi: ndiye anayesema mko wapi na nini kinawajia. Wengine watatu kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, na zamu ikimfikia anasema mtu huyo anafanya nini, kisha anarusha dadu kuona kama ameweza. Mdogo wake alikuwa mpiga upinde. Fundi redio wa duka la jirani alikuwa mpiga shoka. Mama Bolti alikuwa Mbeba Ngao, na juu ya ramani alikuwa bolti nene ya gurudumu la lori, imesimamishwa kwa kichwa chake.

Tangu waanze kucheza, bolti hiyo haikuwahi kupumzika. Fundi redio akijitosa kichwakichwa, ngao hiyo inakwenda kumkinga. Mdogo mtu akiishiwa nguvu, Mbeba Ngao anamburuta pembeni na kumfunga jeraha. Sasa eti kazi yote hiyo haina pointi! Wenzake wapande ngazi, yeye abaki palepale chini, kisa hajaua. Loo! Mtu mzima na akili zake timamu anakaa, anatunga kanuni kama hiyo, halafu anakuja kuibandika kwenye ukuta wa mwanamke anayempikia chai?

"Basi na wewe piga," fundi redio alimshauri, mdomo umejaa karanga.

"Nikipiga, nani atakukinga wewe na papara zako?"

Fundi alicheka tu, akachota karanga nyingine.

Zimwi likatoka pangoni. Fundi akalivamia, akazabwa, akalala chali. Mama Bolti alisonya, akatazama ukutani, akasonya tena, kisha akasema, "Namwinua." Pointi hakuna. Raundi iliyofuata zimwi likamgeukia mpiga upinde. Mama Bolti alijua kabisa kwamba akipiga sasa, anapanda ngazi. Akamtazama mdogo wake anavyotafuna kucha, vilevile kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Namkinga," alisema, na kipigo chote kikamwangukia yeye. Shemeji akailaza bolti ubavu.

Kwenye mchezo huo, aliyeanguka akikosa mtu wa kumwinua kabla zamu hazijazunguka, amekufa, basi. Mama Bolti alikunja mikono kifuani akasubiri. Kitu kimoja tu alikitaka, na alijishangaa jinsi alivyokitaka: mtu mmoja ampe zamu yake.

"Napiga!" alisema fundi redio, wala hakuitazama bolti. Dadu ikamkubalia.

Zamu ikamfikia mdogo wake. Mama Bolti alimkazia macho.

"Dada, zimwi limebakiza kidogo mno," mdogo mtu alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Halafu na mimi nimebakiza pointi chache nipande. Napiga."

Zimwi likafa. Walipiga kelele, wakagongeana viganja, shemeji akagawa pointi kwa mbwembwe. Fundi aliponyoosha mkono kwenye karanga, aliisukuma bolti kwa kiwiko, ikabingirika hadi ukingoni mwa meza. Hakuna aliyeiona.

"Na mimi je?" Mama Bolti aliuliza.

Ndipo walipokumbuka.

"Aa, shemeji, utatengeneza mwingine," msimulizi alisema. "Kanuni ni kanuni."

"Dada, usinune bwana. Mchezo tu huu."

Mama Bolti aliwaka. "Najua ni mchezo! Ndiyo maana imeniuma! Mama anaumwa mwaka mzima sasa, nani anamwogesha? Nani anampeleka kliniki? Wewe unakuja na mfuko wa machungwa, mama anawatangazia majirani, mwanangu kaniletea machungwa. Nikasema haya, ana watoto wadogo, ana kazi, hana nafasi. Lakini hapa? Hapa kunisaidia hakukugharimu chochote, mdogo wangu. Neno moja tu, 'namwinua.' Hata hilo limekushinda!"

Fundi redio alimeza karanga bila kutafuna. Mdogo mtu machozi yalimlengalenga. Mama Bolti aliyaona, na safari hii hakumkinga.

Alichomoa ufunguo wa nyumba ya mama kwenye shada la funguo zake, akauweka juu ya ramani, katikati ya pango. "Kesho asubuhi ana kliniki. Unamwogesha kwanza. Hapendi maji ya moto sana."

"Dada, kesho nina..." Mdogo mtu akaiona bolti pale ukingoni. Akauchukua ufunguo.

Shemeji alinyoosha mkono taratibu kuibandua kanuni yake.

"Iache hapohapo!" Mama Bolti alimfokea. "Mbeba Ngao ameshakufa. Hafufuki kwa kubandua boksi."

Akaitia bolti mfukoni, akapangusa maganda ya karanga kwa hasira. Meza ile ilikuwa nzito, miguu ya chuma, na kila Jumapili aliirudisha peke yake dirishani wenzake wakiwa wameshaaga.

"Haya, nani ananisaidia meza?"

Wote watatu waliinuka kwa mpigo mmoja, wakagongana.