Kiingereza cha Sikuzani

Mama mkubwa Sikuzani alikuwa mtu wa Naipingo, mjane asiye na mtoto, mrefu, mwenye sauti ya chini hata akiwa na hasira. Na hasira aliishi nayo miaka mingi.

Bibi yetu, Bi Sabaha, alikuwa na desturi yake. Ufuta ukishapigwa na mashamba yakishachomwa, kabla mvua ya kwanza haijashuka, aliwakalisha binti zake wawili: Sikuzani, na mdogo wake Mwamini, ambaye ndiye mama yangu. Kila mmoja aeleze mwaka ulivyomtendea, kisha aseme anataka nini mwaka unaokuja. Ukianza kutaja afya na riziki alikukatiza. "Hayo mwachie Mungu. Wewe sema utafanya nini."

Mwanzoni mwa mwaka 1949 wazungu wa mradi wa karanga walikuwa wameshaenea Nachingwea yote. Walifika hadi Naipingo na kamba zao za kupimia. Bibi alikuwa na mikorosho kumi na moja aliyoipanda kwa mkono wake, nayo ilisimama pale pale ulipotaka kupita mpaka wa shamba jipya la karanga. Mzungu mpimaji, mgeni wa nchi asiyejua hata salamu zetu, akauliza miti ile ni ya nani. Mkalimani wake alikuwa Abdulatifu, jirani yetu, mtu aliyekula kwetu idi zote.

Sikuzani akajibu, "Mwambie ni ya mama. Ameipanda mwenyewe, na ndiyo inayotuvika nguo."

Abdulatifu akamgeukia mzungu, akasema maneno mengi. Mzungu akaitikia kwa kichwa, akaandika.

Siku ya nne likaja katapila. Bibi alitoka ndani akiwa ameshika mchi, akasimama anaangalia mikorosho ikilazwa mmoja mmoja, mizizi juu. Hakulia. Tangu siku ile alikuwa akionja ugali na kuurudisha kwenye sahani, na mvua zilipokolea akafa.

Aliyeleta ukweli ni Eustace, Mmakua aliyesoma shule ya misheni, ambaye siku ile ya kupima alikuwa ameshika ncha ya kamba. Alikuja kuhani, akamwambia Sikuzani, "Dada, nisiposema nitaugua. Abdulatifu hakuyapeleka maneno yako. Alisema miti haina mwenyewe, nyinyi mnaokota kuni tu. Kama mpaka ungekwepa mikorosho, ungepinda ukachukua shamba lake."

"Na wewe ulinyamaza?"

"Nilikuwa na wiki moja kazini. Niliogopa."

Sikuzani hakumtukana. Alimuuliza jambo moja tu: Kiingereza kinachukua muda gani kujifunza? Eustace akacheka kidogo, halafu akaona kwamba hakuna mzaha pale.

Mwisho wa mwaka ule dada hao wawili walikaa peke yao. Mama yangu alitaka kulima ufuta zaidi na kuezeka upya. Ilipofika zamu ya Sikuzani, alisema, "Mwaka huu umenichukulia mama na mikorosho. Mwaka unaokuja nitajifunza Kiingereza. Nikishakijua, nitamvunja Abdulatifu mbele za watu, kwa mdomo, kama yeye alivyotuvunja."

"Hilo la pili si la kupangia mwaka," mama akamwambia. "Litakula roho yako."

"Acha liile. Ina kazi gani nyingine?"

Akaenda Nachingwea mjini, kwenye nyumba za wazungu, akapata kazi ya uyaya kwa fundi mmoja wa mitambo. Mtoto wake tulimwita Magreti, kwa sababu jina lake lenyewe hatukuliweza. Alikuwa na miaka miwili, ndiyo kwanza anaanza kusema. Sikuzani akasema naye. Mama wa mtoto akionyesha kikombe na kutaja jina lake, wanafunzi walikuwa wawili: mmoja mapajani, mwingine amesimama na nepi begani. Magreti akikosea, naye alikosea. Magreti akikaripiwa kwa utundu, Sikuzani aliliweka akilini lile neno la karipio. Jioni, akirudi kwenye kibanda chake, aliyarudia yote huku anapepeta mchele, na kila neno alilitafutia mahali pa kumchoma nalo Abdulatifu.

Hakumwambia mtu. Abdulatifu mwenyewe alipita pale mara nyingi na kofia yake ya kazi, akimsalimu kwa bashasha. "Sikuzani, umekuwa mtu wa mjini!" Naye alijibu, "Tunashukuru," akiinamisha macho kama mjinga.

Mwaka 1950 ulipokaribia mwisho, alikuja Naipingo siku mbili. Akamwambia mama, "Nimepata nusu. Nikisikia, naelewa. Kusema bado nasema kama mtoto. Mwaka unaokuja nataka Abdulatifu aniite mwenyewe, mbele ya mzungu wake."

Mambo yakaenda kama alivyotaka, ingawa si yeye aliyeyapanga. Karanga hazikustawi, na mwaka 1951 shughuli ikapunguzwa. Mzungu mwingine, naye mgeni, akaletwa Naipingo kuandika maeneo yatakayorudishwa kwa watu waliokuwa nayo zamani. Walikaa uwanjani asubuhi, meza moja, wanakijiji wote wamejipanga. Abdulatifu alisimama pembeni ya meza, na Eustace, ambaye sasa alikuwa karani, aliketi na daftari.

Jina la Bi Sabaha likaitwa. Sikuzani akasogea mbele.

"Eleza," Abdulatifu akamwambia.

"Shamba hili ni la mama yangu. Alipanda mikorosho kumi na moja. Iling'olewa. Mimi na mdogo wangu tunalitaka shamba letu."

Abdulatifu akatafsiri, polepole, kwa kujiamini. Safari hii Sikuzani aliyasikia kwa masikio yake: mwanamke huyu anasema shamba lilikuwa la ukoo wa Abdulatifu, na mama yake aliazimwa tu.

Mama yangu anasimulia kwamba alimwona dada yake akivuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Kisha akamtazama mzungu, akasema kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha mtoto wa miaka mitatu, hakuwa na kingine. Kwa lugha yetu kingekuwa hivi:

"Huyu mtundu. Huyu mtundu sana. Anasema uongo. Shamba langu. Miti ya mama yangu. Huyu kavunja miti. Mama yangu kalala. Mama yangu haamki."

Mzungu alicheka mwanzoni, kwa mshangao. Sikuzani alipofika kwenye yale maneno ya mwisho kicheko kikakatika. Akamgeukia Abdulatifu. Mzungu akamuuliza Eustace, na Eustace akasimama, akasema yote: ya leo, na ya siku ile ya kamba.

Abdulatifu aliambiwa aweke kofia yake ya kazi mezani. Akaiweka. Ilimbidi apite katikati ya watu kichwa wazi, na watoto walikuwa wameshaanza kulisema lile neno la Kiingereza la utundu bila kujua maana yake. Lilimganda. Naipingo waliendelea kumwita hivyo hata nilipozaliwa mimi.

Mama alitegemea kwamba hapo dada yake atapumzika. Mwisho wa mwaka ule, shamba likiwa limeandikwa jina lao, alimuuliza, "Sasa?"

"Nitapanda mikorosho," Sikuzani akasema. "Na ile furaha ya kumvunja, Mwamini, haikukaa. Niliiona pale uwanjani, muda wa kunywa maji. Kufika nyumbani ilikwisha, nikatamani wamrudishe nimseme tena."

Kabla ya Ramadhani Abdulatifu alikuja kuomba radhi, kama watu wafanyavyo kuukaribisha mwezi. Alikuwa amekonda. Alisimama nje ya uzio.

"Nisamehe, Sikuzani. Niliogopa kupoteza shamba."

"Ulipolisema lile jambo la kwanza, uliogopa. La pili uliogopa nini?"

Abdulatifu akaanza kuchezea mti wa uzio.

"Kamwombe aliyekufa," akamwambia. "Akikujibu, uje unieleze." Akaingia ndani. Mama yangu alimlaumu sana kwa hilo, wakanuniana mwezi mzima.

Miaka ikapita hivyo. Mikorosho mipya ikaota, ikaanza kuzaa. Abdulatifu alilima kama sisi wengine, akazeeka mapema. Walikutana njiani, yeye akisalimu, Sikuzani akipita kama aliyepita mti.

Mwisho wa mwaka 1957 nilikuwa na miaka mitano, nimelala mapajani mwa mama wakati wanazungumza, na haya nayakumbuka mwenyewe. Sikuzani alisema, "Mwaka unaokuja huyu ataanza kuandaliwa shule. Ajifunze Kiingereza kwa kitabu, asibebe mtoto wa mtu." Kisha akaongeza, "Na Abdulatifu akinisalimu, nitaitikia. Salamu tu. Zaidi ya hapo asitegemee."

Mama akanifunika kanga tu, akaogopa kuliharibu kwa neno.

Nafasi ilipatikana mwezi wa pili, katika njia ya kwenda Kiegei. Tulikuwa tumetoka kwenye msiba, watatu, mimi nimeshikwa mkono na mama mkubwa. Abdulatifu alikuja kwa mbele akiwa na jembe begani. Akasogea pembeni kutupisha.

"Asalaam aleikum," akasema, macho chini.

Mkono wa mama mkubwa ukanibana hadi nikaumia. Nilimtazama. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Tukampita. Tukaenda hadi njia ilipokata kona na mgongo wake ukapotelea kwenye nyasi. Hapo ndipo aliposema, taratibu, akiitazama njia tupu, "Waaleikum salaam."

"Hakusikia, dada," mama akamwambia.

"Lakini nimeitikia," Sikuzani akasema, akaniachia mkono, tukaendelea na safari.